Hesi, uzi na nyuzi: maoni juu ya istilahi za skrubu katika bunduki za kale

Karatasi tunayokusudia kuihakiki hapa ni fupi. Ina kurasa nne tu za maelekezo juu ya kutunza bunduki za kale za Ulaya, imefasiriwa kutoka Kiingereza, na mwishoni imefungiwa orodha ya istilahi. Haina jina la mfasiri wala la mchapaji, nasi hatuna haja ya kuwatafuta. Ilitufikia huko Chwaka, mwambao wa mashariki wa Unguja, ikiwa imekunjwa ndani ya kopo la maziwa pamoja na kipande cha kasiba ya gobori chenye urefu wa shibiri moja. Vitu hivyo viwili havitenganiki katika maelezo yetu, maana kipande hicho kiliharibiwa kwa kuifuata karatasi hiyo neno kwa neno.

Aliyetuonyesha kopo lile ni fundi mzee wa mashine za boti, ambaye banda lake la makuti linaelekea ghubani. Maji yalikuwa yametoka, na kama ilivyo desturi ya ghuba ile, yalitoka mbali sana, vyombo vikabaki vimelala ubavu juu ya mchanga. Ndiyo saa ambayo fundi wa namna yake huwa na nafasi ya kuzungumza. Tulimwamkia, akatukaribisha, akatueleza kwamba kasiba ile ilikatwa zamani na haiwezi tena kumdhuru mtu. Mjukuu wa mwenyewe alitaka tu kuirudishia kifa chake, ili kumbukumbu ya babu yake iangikwe ukutani ikiwa kamili. Kifa, kwa msomaji asiyelizoea neno hili, ni kile kichuma kidogo chenye tundu ambacho juu yake huvikwa fataki. Upande wa chini kina hesi, nacho hukazwa katika tundu lililo nyuma ya kasiba. Kijana aliisoma karatasi, akapima, akatafuta skrubu, akaikaza kwa nguvu. Sasa tundu limeliwa.

“Wanangu,” alisema mzee, “huyu kijana hakukosea kusoma. Kasoma vilivyoandikwa.”

Hebu tutazame basi kilichoandikwa. Katika ukurasa wa pili mna agizo hili: “Hesabu nyuzi. Zikiwa 55, uzi ni wa Kiingereza. Zikiwa 60, uzi ni wa Kimarekani au wa metriki.” Msomaji aliyesoma hisabati kwa Kiswahili anajua kwamba nyuzi ni kipimo cha pembe: pembe mraba ina nyuzi 90, na pembe tatu yoyote ina jumla ya nyuzi 180. Lakini karatasi hii, tangu ukurasa wa kwanza, imeliita tuta lile linalouzunguka mwili wa skrubu kwa jina la “uzi”, na wingi wa uzi ni nyuzi. Kijana alifundishwa katika ukurasa wa kwanza kwamba nyuzi ni yale matuta. Alipofika ukurasa wa pili akaambiwa azihesabu, alizihesabu. Alitazama ndani ya tundu akaona sita. Hazikuwa 55, wala hazikuwa 60. Akahukumu, na kwa kweli hukumu yake ilikuwa ya akili, kwamba karatasi ile haihusiani na bunduki ya babu yake, akaendelea kwa kukisia.

Hapa hatuna neno gumu lililokosa tafsiri. Tuna maneno mawili mepesi, kila moja likiwa sahihi mahali pake, yaliyowekwa katika sentensi moja ambamo hayawezi kukaa pamoja. Skrubu hupimwa kwa mambo matatu makubwa: kipenyo chake, nafasi baina ya tuta na tuta, na pembe ya bonde lililo katikati ya matuta mawili. Mawili kati ya hayo matatu, yaani idadi ya matuta katika inchi na ukubwa wa pembe, karatasi hii imeyaita yote nyuzi. Mtu anaweza kuandika “nyuzi 18 na nyuzi 55” akiwa na maana timamu kichwani mwake, na asiweko msomaji hata mmoja wa kumwelewa. Katika maelezo yetu yanayofuata tutasema digrii kwa pembe na hesi kwa tuta, na sababu zetu tutazitoa.

Namba hizo 55 na 60 si za bahati. Kabla ya mwaka 1841 kila karakana ya Ulaya ilikata hesi kwa vyuma vyake yenyewe, na skrubu ya nyumba moja haikuingia katika tundu la nyumba ya pili; aghalabu hata skrubu mbili za mtambo mmoja hazikubadilishana. Mwaka huo Joseph Whitworth, fundi mkuu wa Manchester, aliwasomea wahandisi wenzake mjini London pendekezo la hesi za namna moja kwa nchi nzima, zenye pembe ya digrii 55. Mwaka 1864 William Sellers wa Philadelphia alitoa pendekezo lake kwa Wamarekani, akachagua digrii 60. Hesi za metriki za kimataifa, ambazo nazo ni za digrii 60, zilikubaliwa mjini Zürich mwaka 1898. Tofauti ya digrii tano haionekani kwa jicho, sembuse ndani ya tundu lenye kutu. Huonekana kwa geji, yaani kile kitita cha visahani vyenye meno ambacho mafundi hukilinganisha na hesi kimoja kimoja mpaka kimoja kikae bila kupitisha mwanga. Kwa hiyo agizo la “kuhesabu” lilikuwa batili hata kama lingeeleweka. Pembe haihesabiwi.

Sasa tuseme kijana alikisia nini. Alipima upana wa tundu akapata karibu milimita 8. Akaenda kuuliza bolti, akapewa ile ambayo mafundi wetu huiita “namba kumi na tatu”. Msomaji asiye fundi atashangaa nane imekuwaje kumi na tatu. Jibu ni kwamba katika gereji zetu, bara na visiwani, bolti huitwa kwa spana inayoifungua, si kwa unene wake: bolti ya milimita 8 ina kichwa cha milimita 13, ya milimita 6 ina kichwa cha milimita 10. Ni desturi yenye manufaa kwa mtu aliyelala chini ya gari akiomba spana. Kwa mtunza vitu vya kale haifai kitu, maana skrubu za bunduki za kale zina vichwa vya mviringo vyenye mfereji wa bisibisi, na spana haina mahali pa kushika. Mtayarishaji wa orodha ya istilahi alipaswa kuijua desturi hii na kuionya. Hakuitaja. Ameandika tu “namba ya skrubu”, bila kusema ni namba ya nini.

Kipenyo cha milimita 8 kinadanganya kwa sababu ya jirani yake. Kifa cha bunduki ya Enfield ya mwaka 1853, ambayo ilinakiliwa sana na kuuzwa kote duniani, kina kipenyo cha sehemu tano za kumi na sita za inchi, yaani milimita 7.94. Kwa kalipa ya kawaida, na kwa tundu lililochakaa, hiyo ni nane. Lakini hesi zake ni 18 katika inchi, yaani milimita 1.41 kutoka tuta hadi tuta, ilhali bolti ya milimita 8 ya siku hizi ina milimita 1.25. Skrubu ya namna hiyo huingia duru moja au mbili kwa ulaini unaompa mtu matumaini, kisha hugoma. Anayejua huirudisha nyuma. Asiyejua huongeza nguvu, na chuma kipya kigumu hukata njia yake katika chuma cha kale kilicho laini. Kwa hiyo wale waliosema kwamba istilahi ni mchezo wa wasomi wangefaa kulitazama tundu lile.

Tuje kwenye mapendekezo. La kwanza ni kwamba neno hesi lishikwe na lisiachwe. Limo katika kamusi, na limo vinywani mwa mafundi. Mzee wa Chwaka alilitumia mara nyingi bila sisi kumchokoza. Tunafahamu kwamba wako wanaopenda uzi, wakisema kwamba Waingereza nao wametumia neno la uzi wa kushonea na hawakupotea. Ni kweli hawakupotea, kwa sababu wao hawakulitumia neno hilo hilo kwa kipimo cha pembe. Sisi tumelitumia, na halitaondoka katika vitabu vya hisabati kwa ajili ya skrubu. Wako pia wanaosema meno, kama katika “nati imeliwa meno”. Neno hili lina uhai, nasi hatulikatazi katika mazungumzo. Ila katika maandishi ya ufundi meno yamekwisha kuwa ya gia, ya msumeno na ya tupa, na hayo ni meno kweli, kila moja limesimama peke yake. Hesi ni tuta moja linalozunguka bila kukatika.

La pili linahusu ile nafasi baina ya tuta na tuta. Katika orodha ya karatasi hii imeandikwa “lami”. Tulidhani ni kosa la mpiga chapa mpaka tulipolikuta neno lile mara ya tatu. Mfasiri amefungua kamusi ya Kiingereza, akakuta neno lenye maana nyingi, na akachukua ile ya kwanza, ambayo ni ya barabarani. Tulipomsomea mzee, alicheka hata akaiweka tupa chini. “Lami imetoka Mjini, imepita Dunga, imefika Chwaka,” alisema, “sasa imeingia hata ndani ya bunduki.” Mfasiri mwenye skrubu mkononi asingeliandika neno hili. Ndiyo maana tunashikilia kwamba orodha ya istilahi za ufundi isipitishwe mezani peke yake. Ipelekwe kwenye jiriwa, isomwe kwa sauti mbele ya mtu anayefanya kazi, na neno litakalomchekesha lifutwe.

Yeye mwenyewe ana neno lake. Alipokuwa akitulinganishia skrubu mbili alisema: “Hii ina mwendo mrefu, hii ina mwendo mfupi,” akimaanisha jinsi skrubu inavyosonga mbele kwa kila duru moja. Tulilipenda neno mwendo papo hapo, na mmoja wetu aliliandika kuwa ndiyo istilahi. Baadaye tulirudi nyuma kidogo. Zipo skrubu zenye hesi mbili au tatu zinazokwenda sambamba, kama katika vifuniko vya kalamu nyingi za wino, na hizo husonga kwa duru moja mara mbili au tatu ya nafasi iliyo baina ya tuta na tuta. Kwa skrubu hizo tunahitaji maneno mawili. Tunapendekeza basi hatua kwa nafasi kutoka kilele cha tuta hadi kilele cha pili, na mwendo kwa umbali wa duru moja. Katika skrubu za bunduki mambo hayo mawili huwa sawa, na fundi anaposema mwendo hakosei. Ila orodha ya taifa haitungwi kwa bunduki pekee.

Kuhusu parafujo na skrubu, karatasi hii inayachanganya, mara hili mara lile, katika aya moja. Parafujo ni neno tulilopokea kwa Wareno. Wao waliondolewa Ngome ya Mombasa mwaka 1698, na neno lao likabaki katika visanduku vya maseremala mpaka leo, kinyume cha mengi waliyoyaleta. Hatuoni sababu ya kulifukuza sasa, wala hatuoni sababu ya kutunga tofauti ambayo mafundi hawanayo. Mwandishi achague moja katika andiko moja, basi.

Haki inatutaka tuyasifu yaliyo mazuri. Kipenyo cha nje na kipenyo cha ndani yametumika sawasawa. Agizo la kupima skrubu yenyewe kabla ya kupima tundu ni jema, na limeandikwa kwa Kiswahili safi. Vile vile onyo kwamba kutu isilainishwe kwa moto limeelezwa kwa sentensi fupi ambayo mtoto angeielewa.

Lakini penye majina ya bunduki na viungo vyake, mfasiri amejitwisha mzigo usiokuwa wake. Ameandika “bunduki ya jiwe” ilhali pwani hii imesema bunduki ya gumegume tangu enzi za mababu. Ameandika “bunduki ya utambi” ilhali lipo neno mrao. Ufito wa kushindilia baruti ameuita “fimbo ya kusukumia ndani”, maneno manne mahali pa mdeki. Kifa amekipa jina ambalo tunaona haya kulichapa hapa. Amelichukua moja kwa moja kutoka mwili wa mwanamke, kwa kuwa Waingereza ndivyo walivyofanya. Kila moja la maneno hayo ya zamani limo katika kamusi za mwanzoni mwa karne ya 20, na si ajabu, maana waandishi wa kamusi zile walisikiliza mji uliojaa bunduki. Mwaka 1888 Euan-Smith, konseli wa Uingereza hapa Unguja, alikadiria kwamba silaha za moto kati ya 80,000 na 100,000 zilikuwa zikipita kila mwaka kuingia Afrika ya Mashariki. Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890 ulizuia biashara hiyo katika nchi zilizo baina ya latitudo ya digrii 20 kaskazini na 22 kusini, ukiacha mlango mdogo kwa bunduki za gumegume zisizo na mifuo ndani ya kasiba. Lugha iliyoshughulika na mali kiasi hicho haikukosa majina ya vipande vyake.

Na hapa ndipo tunapoona hasara halisi ya kipande cha Chwaka. Bunduki za kale kwa kawaida hujieleza kwa alama. Zilizojaribiwa Liège, Ubelgiji, zina herufi ELG ndani ya duara la yai tangu mwaka 1810, na taji juu yake tangu mwaka 1893. Za Birmingham zina alama za nyumba ya majaribio iliyoanzishwa mwaka 1813. Neno TOWER lililochongwa juu ya mtambo si ushahidi wa kutosha, kwani wafanyabiashara walilinakili. Kipande hiki hakina mtambo, na alama za kasiba yake zimeliwa na chumvi ya bahari. Kilichobaki cha kukitambulisha kilikuwa ni hesi za tundu la kifa. Kama hatua yake ilikuwa milimita 1.41, tungeweza kusema kwa uzito kwamba ni Enfield au nakala yake. Kama ilikuwa kipimo kisicho cha nchi yoyote, tungefikiria karakana ndogo iliyokata kwa vyuma vyake. Jambo moja tu tungelikataa tangu mwanzo, nalo ni ile bolti namba kumi na tatu, kwa sababu hesi zake ni za mfumo uliokubaliwa mwaka 1898, wakati bunduki za kushindiliwa kwa mdomo zilikuwa zimekwisha kupitwa na wakati viwandani. Karatasi iliyoandikwa vizuri ingemwambia kijana jambo hilo katika mstari mmoja.

Kwa kuwa ni rahisi kulaumu kuliko kuandika, tumejaribu kuliandika upya lile agizo la ukurasa wa pili. Linasomeka hivi: “Pima kipenyo cha nje cha skrubu. Kisha pima kutoka kilele cha hesi ya kwanza hadi kilele cha hesi ya sita, ugawe kwa tano. Hiyo ndiyo hatua. Ukipata milimita 7 kwa nafasi tano, hatua ni kama 1.4, yaani hesi 18 katika inchi. Ukipata milimita 6 na robo, hatua ni 1.25. Pembe ya hesi itazamwe kwa geji. Ya Whitworth ni digrii 55, ya Sellers na ya metriki ni digrii 60. Skrubu ikigoma baada ya duru mbili, itoe.” Tulimsomea mzee. Alisahihisha neno moja tu: mahali pa “itoe” alitaka “irudishe”, kwa sababu, alisema, mtu akiambiwa aitoe ataivuta kwa koleo.

Kuhusu tundu lenyewe, alikwisha kumimina nta ndani yake ili kupata sura ya hesi zilizosalia. Nta ilitoka na matuta matatu chini kabisa, ambako bolti haikufika. Nafasi mbili za hesi 18 kwa inchi ni milimita 2.8, nafasi mbili za hatua ya 1.25 ni milimita 2.5. Tulipima mara nne kwa kalipa yake na kila mara tukapata jibu jingine, kwa kuwa nta hunywea inapopoa na tuta la juu limeguswa na bolti. Kipande kimerudishwa koponi pamoja na ile nta. Wasomaji wetu wa Pemba, Lamu na Mombasa wenye neno lililo hai kwa kilele cha hesi na kwa bonde lake, tofauti na haya mawili tuliyoyatumia hapa, tunawaomba watuandikie.